Utakua Nayo

Kontena lilifunguliwa Jumatano, Machomane,
nami nikaiona kabla sijaitikia salamu:
nyekundu, nyembamba, imeinama mbele
kama mtu anayetaka kukwambia siri,
usukani umekunjwa kwa chini mithili ya pembe za kondoo.
"Hiyo hamsini na sita," Fundi Shaame akasema,
hakuinua kichwa kwenye mnyororo
aliokuwa akiukosha kwa mafuta ya taa.
"Hiyo si yako, Bi Riziki."

Si yangu! Nani kamuuliza?
Pesa nimezikusanya miezi kumi na minne,
zamu za usiku, wodi ya wazazi,
upatu wa watu wanane, mimi wa mwisho kupokea.
"Nitaizoea," nikasema.

Hapo ndipo aliponitazama.
"Fremu haizoewi. Inatosha au haitoshi.
Mize! Njoo na utepe."

Bintiye akanipeleka nyuma ya pazia la magunia,
akanisimamisha ukutani,
viatu nimevua, visigino vimegusa saruji,
buibui nimelikunja kiunoni.
Kinatakiwa kitabu, ubane juu kati ya miguu,
palepale kiti kitakapokaa.
Kitabu hakikuwapo.
Likaletwa daftari la madeni.
Nikayabana madeni ya Machomane nzima:
tairi la Kombo muuza ndimu, breki za Mwalimu Faki,
na langu mwenyewe, ukurasa wa kumi na moja, pampu.
Mize akacheka, nikacheka, daftari likaanguka,
tukaanza upya.

"Sabini na sita!" akapaza sauti.
Nje nikaisikia chaki kwenye mlango wa bati,
mara nukta sita saba,
fundi anajisomea kama mtoto wa darasa la nne.
"Hamsini na moja. Iliyopo hamsini na mbili.
Tutashusha kiti kidogo."

Mimi ni mtoto wa *utakua nayo*.
Viatu vya Sikukuu vilijazwa pamba kwenye ncha.
Sare ya shule, pindo la vidole vinne,
lilifumuliwa kila Januari
ukabaki mstari wa rangi ya zamani
kama alama ya maji yalipokomea.
Baiskeli ya kaka Mbarouk, chuma cha juu kilinifika kifuani:
nilipitisha mguu katikati ya fremu
nikaendesha ubavuubavu, mwili huku, baiskeli kule,
hivyo hivyo mpaka Wawi kutumwa chumvi.
Nilipoanguka mama alisema, utakua nayo.
Sikukua nayo. Kutu iliwahi.

Hata mume wa kwanza niliambiwa hivyo.
Hayo tuyaache.

Nina miaka arobaini na mmoja.
Sikui tena, labda kwa upana.

Hamsini na mbili ilikuwa kule ndani,
chini ya vitanda vya watoto vya mtumba:
rangi ya choroko, imechubuka ubavu,
jina la kiwanda limefutika nusu.
Bei ileile. Nikalalamika.
Fundi hakushusha hata mia tano.

Nikaipanda, Mize kaishika kwa nyuma.
Viwiko vikakunjika vyenyewe.
Goti halikugonga kitu.
Nilipotia mguu chini, chini palikuwapo.

Sikujua niifanye nini raha ile.
Mabega yangu yaliendelea kusubiri kazi,
ile ya kujivuta, ya kufikia,
kazi haikuja.

Wamesema nguo ya kuazima haisitiri matako.
Hawakumaliza: na yako mwenyewe,
ikikupwaya, yenyewe ndiyo inayokuvaa wewe.

Ile nyekundu aliichukua kijana wa Vitongoji
aliyeumbwa miguu kwanza, mengine baadaye.
Juzi alinipita kwenye kilima cha Gombani alfajiri,
kajikunja juu yake, imemkaa
mpaka nikaona wivu kidogo.
Nikampungia.
Kisha nikabadili gia.

Ile pampu bado sijailipa.